Sumu ya koa inawaua wanaotulindia mboga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Tanga. Wiki iliyopita aliwashauri wenye bustani za mboga wanunue dawa ya konokono mara masika yanapoanza, waimwage kwenye matuta, kisha wamalizie kwa chumvi. Akaongeza kwamba kenge na nguchiro nao wauawe wanapoonekana bustanini, kwa kuwa ni waharibifu wale wale. Sina shaka aliandika kwa uchungu wa mtu aliyeamka alfajiri akakuta kitalu chake cha chainizi kimebaki vijiti. Uchungu huo naujua. Nalima mboga Pongwe, kando ya barabara ya kwenda Muheza, na tangu nilipostaafu ualimu wa baiolojia, mchicha na figili ninazopeleka soko la Mgandini ndizo zinazosaidia ada za wajukuu. Lakini ushauri ule ukifuatwa na watu wengi, koa, yaani wale konokono wasio na gamba, watazidi badala ya kupungua, na kabla hawajazidi tutakuwa tumeshawazika wanyama wengi wasio na kosa.

Nianze na hiyo dawa. Mara nyingi ni chenga za buluu au za kijani zilizochanganywa na pumba ili koa azifuate. Sumu iliyotumika kwa miaka mingi duniani katika chambo za aina hii ni metaldehaidi. Koa akiila hutoa ute mwingi kupita anavyoweza kumudu, hukaukiwa na maji na kufa. Hapo mkulima anafurahi. Tatizo ni kwamba pumba haichagui mlaji. Kuku anaipenda, mbwa anaipenda, njiwa anaidonoa, na mtoto anayetambaa akiona kitu cha buluu ardhini anakitia mdomoni.

Masika yaliyopita, kwa jirani yangu mmoja, mbwa alikula chambo iliyowekwa kwenye kigae chini ya mpapai. Alianza kutetemeka, akatokwa na mate, misuli ikawa inamkaza na mwili wake ukawa wa moto kweli kweli. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakufa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ile ilinunuliwa ikiwa imepimwa kwenye kifuko cha nailoni kisicho na lebo. Tulipompigia simu daktari wa mifugo, swali lake la kwanza lilikuwa: sumu gani? Hakuna aliyeweza kumjibu. Kama angekuwa mtoto, swali lingekuwa hilo hilo, na sisi tungebaki tunatazamana vile vile.

Uingereza ni nchi ya unyevu na ya watu wanaopenda bustani kupita kiasi, na koa wao ni wengi ajabu. Hata hivyo, serikali yao ilipiga marufuku matumizi ya metaldehaidi nje ya majengo kuanzia mwisho wa Machi 2022, kwa sababu ya hatari yake kwa ndege na wanyama wa porini. Kabla ya hapo kampuni zao za maji zilikuwa zimelalamika miaka mingi, maana mvua huisomba sumu hiyo hadi mitoni na mitambo ya kawaida ya kusafisha maji huiondoa kwa taabu. Sasa tujitazame. Sisi wa Tanga mjini tunakunywa maji ya Mto Zigi yanayokingwa katika bwawa la Mabayani. Zigi unateremka kutoka milima ya Usambara upande wa Amani, unapita katikati ya mashamba na bustani za watu hadi huku chini. Sisemi maji yetu yana sumu hiyo. Nasema kwamba chochote tunachomwaga kwenye tuta wakati wa mvua kubwa, mvua ndiyo inayoamua kitakwenda wapi.

Chumvi nayo inaua koa, kweli, lakini haiondoki kwenye udongo baada ya kazi yake. Sisi ni watu wa pwani. Nani asiyejua shamba lililoingiwa na maji ya bahari linavyokuwa? Siwezi kuelewa kwa nini mtu alifanyie tuta lake mwenyewe jambo hilo kwa mkono wake.

Nije sasa kwa kenge na nguchiro, maana hapa ndipo ninapotofautiana na msomaji mwenzangu kabisa.

Yule konokono mkubwa tunayemwona baada ya mvua, mwenye gamba la kahawia lenye michirizi, asili yake ni hapa hapa pwani ya Afrika Mashariki. Jina lake la kisayansi ni Lissachatina fulica. Kila mmoja ni dume na jike kwa wakati mmoja, na anaweza kutaga mayai hadi 200 kwa mkupuo. Watu walimchukua kutoka huku kwetu wakamsambaza. Mwaka 1847 alifika India, baadaye akaenea Asia na visiwa vya Pasifiki, na kila alikofika akawa janga. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliporudi Miami, Marekani, kutoka Hawaii, alikuja na konokono watatu, na bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walihesabiwa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuligharimu dola zipatazo milioni moja.

Watatu tu! Na huku kwetu, alikoanzia, amekuwepo tangu zama na zama wala hajaimaliza nchi. Sehemu kubwa ya sababu ni kwamba huku kwetu analiwa. Waliokuwa wakihangaika naye Hawaii walilijua hilo, ndiyo maana miaka ya 1950 walikuja Kenya kuchukua konokono wadogo wala nyama wanaowinda konokono wenzao, akiwemo mmoja aliyepewa jina kutokana na mji wa Kibwezi huko Kenya. Haikuwatosha. Mwaka 1955 wakaingiza Hawaii konokono mwingine mla nyama kutoka Florida, Euglandina rosea. Alipopelekwa kisiwa cha Moorea, huko huko Pasifiki, mwaka 1977, hakushughulika sana na yule mkubwa aliyekusudiwa. Aliwageukia konokono wadogo wa miti wa kisiwa kile, jamii ya Partula, na katika muda mfupi karibu wote wakatoweka porini. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyeuliza kwa nini hawakuanza kwa kuwalinda wale waliokuwepo. Nawauliza wenzangu wa Tanga swali hilo hilo, kwa kuwa sisi hatuhitaji kuagiza mlinzi kutoka popote. Wako uani kwetu, nasi tunawapiga mawe.

Kenge wa majini, huyu wa mito ya Zigi na Mkulumuzi, akishakomaa meno yake ya nyuma huwa mapana na butu, yanayofaa kuvunjia magamba. Konokono ni miongoni mwa vyakula vyake. Nguchiro wale wenye miraba mgongoni, wanaotembea kundi zima, wakipata konokono mwenye gamba gumu humshika kwa miguu ya mbele na kumrusha kinyumenyume, katikati ya miguu yao ya nyuma, apige kwenye jiwe. Nimewaona wakifanya hivyo kwenye msingi wa nyumba ambayo haijamalizwa jirani na bustani yangu, na ukienda baada yao unakuta vipande vya magamba vimetapakaa. Dudumizi, ndege ambaye wengi tunamjua kwa sauti yake ya kubwata wakati wa mvua, huwaokota konokono pamoja na panzi na vyura wadogo. Kalunguyeye hutoka usiku kutafuta wadudu na koa, na kwa kuwa hutoka usiku ndiye anayekutana na chambo yenye sumu kabla hatujaamka kuiondoa.

Wapo na wengine tusiowapa heshima yoyote. Chura, ambaye watoto humnyunyizia chumvi kwa kumcheza, hula koa wadogo usiku kucha. Viluwiluwi vya kimulimuli, ambavyo havina mabawa na hutambaa ardhini kwenye majani yaliyooza, huwinda koa na konokono. Unapomwona kimulimuli akiwaka juu ya tuta lako, ujue utotoni alikula hao hao wanaokusumbua. Mashariki na kusini mwa Afrika yupo nyoka mdogo wa rangi ya udongo, asiye na madhara kwa binadamu, ambaye chakula chake ni koa na konokono. Akionekana, hukatwa kwa jembe. Na misitu yetu ya pwani na ya Usambara ina aina nyingi za wale konokono wadogo wala nyama, baadhi yao wenye mwili wa manjano au rangi ya chungwa. Ukimwaga sumu ya konokono, nao ni konokono. Wanakufa pia, tena wao huzaliana polepole kuliko mawindo yao katika bustani iliyojaa chakula. Ndiyo maana nilisema pale mwanzo kwamba koa watazidi.

Najua kitakachojibiwa: kenge anaiba vifaranga na mayai, na nguchiro pia. Ni kweli, na aliyepoteza vifaranga simwambii avumilie. Lakini dawa ya wizi wa vifaranga ni banda. Banda langu nimelizungushia wavu wenye matundu madogo, nikauzamisha chini ardhini ili asichimbe mtu, na mlango unafungwa kwa komeo kabla ya magharibi. Vifaranga wa wiki za kwanza hawaachiwi nje bila mtu. Kenge bado anapita uani, anatazama, anaendelea na safari yake.

Sasa, je, tukae tu tukitazama mboga zikiliwa? Hapana. Mimi sipotezi vitalu, na situmii sumu.

Jambo la kwanza, na ninalipa uzito kuliko mengine yote, ni saa ya kumwagilia. Hapa kwetu kwa sababu ya jua tumezoea kumwagilia jioni. Koa hutembea usiku, na hawezi kutembea pakavu bila kumaliza ute wake. Ukilowesha tuta saa kumi na mbili jioni umemtengenezea njia ya kufika kwenye kila mche. Mwagilia alfajiri, kabla jua halijawa kali: mmea unakunywa, na ikifika usiku udongo wa juu umeshakauka. Majaribio ya kisayansi kwenye saladi yameonyesha kuwa badiliko hili peke yake hupunguza sana uharibifu wa koa. Wakati wa masika yenyewe, mvua inaponyesha usiku, hili halina msaada mkubwa, nakiri. Kwa vuli na kiangazi linatosha karibu lote.

Kwa masika, nguvu zangu naziweka kwenye miche. Koa anamaliza mche wenye majani mawili kwa usiku mmoja, lakini mchicha uliofikia urefu wa kiganja ukitobolewa majani mawili matatu unaendelea kukua. Kwa hiyo miche yangu haioti chini. Naiotesha kwenye kichanja, na kila mguu wa kichanja umesimama ndani ya kopo lenye maji. Inahamia tutani ikiwa imeshakomaa shina. Na matandazo, iwe makuti au majani makavu, siyaweki kwenye tuta mpaka miche ishike, maana ndiyo malazi ya koa mchana. Majani yote ya kuoza nayarundika pembeni kabisa ya bustani, mbali na matuta, na rundo hilo siligusi. Huko ndiko wanakolala vyura na kalunguyeye, na koa wengi wa huko wanakula vilivyooza tu.

Hilo la mwisho watu hulikataa ninapowaambia, lakini ni kweli kwamba si kila koa ni adui. Chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilitangaza mwaka 2022 kwamba hakitawaweka tena koa na konokono katika kundi la waharibifu. Kati ya aina 44 hivi za koa zinazotambuliwa nchini mwao, takribani 9 tu ndizo zinazokula mimea ya bustani. Waliobaki wanaozesha majani na kurutubisha udongo. Sisi tuna aina zetu tofauti na zao, lakini kanuni ni hiyo hiyo, na sumu haiulizi nani anakula nini. Chama hicho hicho kilijaribu vizuizi ambavyo watu hupenda kushauriana, yakiwemo maganda ya mayai, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha saladi zililiwa sawasawa, ziwe zimezungushiwa au la. Nayasema haya kwa sababu ushauri wa maganda ya mayai unazunguka sana kwenye simu zetu. Yawekeni kwenye mboji, yana kazi huko. Majivu makavu humzuia koa kwa muda, lakini mvua ya kwanza ikishuka hayana kazi tena.

Waliobaki nawavuna kwa mkono. Usiku baada ya mvua, natoka na tochi na ndoo, nimevaa mfuko mkononi. Msiwashike kwa mkono mtupu, na watoto waambiwe hivyo, kwa sababu koa na konokono wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia mtu huweza kufika kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo hiyo, kachumbari na saladi zioshwe jani kwa jani kwa maji mengi. Ndoo ikijaa naimiminia maji yanayochemka, wanakufa papo hapo, na wakipoa nawaponda kuwapa bata. Bata wenyewe nawaingiza bustanini kabla ya kupanda tu, wapekue matuta matupu wamalize waliojificha. Baada ya kupanda hawaingii, maana bata naye hula miche.

Asiyependa kutoka usiku aweke ganda la papai lililofunikwa juu ya udongo, au kipande cha gunia kibichi, alfajiri akifunue. Na wale wanaopika maandazi wana chambo bora zaidi jikoni: unga wa ngano, maji na hamira, uachwe uumuke. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2021 kwamba unga ulioumuka huwavuta koa na konokono wa aina nyingi, na hauna sumu yoyote. Nautia kwenye kopo nililolifukia, lakini mdomo wa kopo nauacha juu ya udongo kwa upana wa vidole viwili. Koa anapanda na kuingia. Mbawakawa, anayekula mayai ya koa, anapita pembeni bila kutumbukia.

Kwa mwenye shamba kubwa ambaye mikono haitoshi, ipo chambo ya feri fosfeti, yaani chuma na fosfeti. Koa akiila huacha kula, hujificha na kufa, nayo inayobaki huozea udongoni, na hatari yake kwa mbwa na ndege ni ndogo mno ikilinganishwa na metaldehaidi. Hata hiyo itawanywe kidogo kidogo, isirundikwe. Naomba wenye maduka ya pembejeo hapa Tanga waulize kwa wanaowauzia kama inapatikana, na kama imesajiliwa waiweke dukani.

Na hapo nina ombi kwa wenye mamlaka. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kusajili na kudhibiti viuatilifu ni kazi yake. Sumu kupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni bila jina ni jambo linalofanyika mchana kweupe katika masoko yetu. Wakaguzi wapite wakati wa masika, wasisubiri miezi ambayo hakuna anayenunua. Na maafisa ugani wa kata, ambao nawaheshimu na ninajua wana kata kubwa na usafiri wa shida, wafike na kwa sisi wenye matuta machache ya mboga, maana sumu nyingi ya koa inamwagwa na sisi, karibu na visima na jikoni kwetu.

Kwa msomaji niliyemjibu: nina miche ya chainizi iliyozidi kwenye kichanja, na mwenye kitalu kilicholiwa anaweza kupewa bure. Ningependa pia atuandikie kupitia ukurasa huu matuta yake yako umbali gani na rundo la takataka, na alikuwa akimwagilia saa ngapi.

Mwalimu Mstaafu,
Pongwe, Tanga